Baridi Hushuka: Mahali pa Kupiga Hema Kando ya Ziwa la Mlimani

Wanaojiandaa kwenda kulala kando ya Ziwa Ngozi huuliza kwanza wanunue hema gani. Swali zuri, ila linatangulia zamu yake. Hema la bei kubwa likisimamishwa pabaya litampa mwenyewe usiku wa kutetemeka na asubuhi ya kukamua blanketi, ilhali turubai la kawaida lililofungwa mahali panapofaa humfikisha mtu alfajiri akiwa mkavu. Katika milima ya Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Uporoto na Rungwe mkoani Mbeya hadi Mufindi mkoani Iringa, karibu kila kinachomsumbua mtu aliyelala nje kina tabia moja: kinashuka. Hewa baridi hushuka, ukungu hutua bondeni, maji ya mvua hufuata makorongo, na penye volkano hata gesi nzito inayotoka ardhini hutafuta mashimo. Anayeielewa tabia hiyo hujua pa kulala kabla hajafungua begi.

Mwinuko kwanza

Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ngozi, lile ziwa la kasoko ambalo wenyeji husema lina umbo la ramani ya Afrika, uko kwenye takribani mita 2,060. Kwa hiyo anayetoka Kyela asubuhi, akapita Tukuyu, akashuka Isongole na kupanda msituni kwa miguu, ameacha nyuma yake nyuzi joto 10 hivi hata kabla jua halijazama. Shuka lililomtosha Kyela halitamfaa kitu huku juu. Akiendelea hadi uwanda wa Kitulo, unaopita mita 2,600, atakuta nchi ambayo Juni na Julai nyasi huamka na sakitu.

Hapo tumezungumzia baridi ya mwinuko tu. Ipo na baridi ya usiku, ambayo haigawanywi sawasawa. Jua likitua, ardhi huanza kupoteza joto lake kuelekea angani, hasa siku isiyo na mawingu. Hewa inayogusa ardhi nayo hupoa, na hewa ikipoa huwa nzito. Palipo tambarare itabaki hapo hapo. Palipo na mteremko itaanza kutiririka polepole, kimyakimya, ikifuata njia zilezile ambazo maji yangefuata, mpaka ifike chini kabisa na kutuama. Wakulima wa viazi wa Uporoto wanalijua hili bila kipimajoto: sakitu huunguza majani ya viazi vya bondeni, vile vya kwenye mgongo wa kilima vikabaki salama.

Ngozi ni kasoko, shimo kubwa lililobaki baada ya volkano kulipuka na kubomoka. Kuta zake hupanda mamia ya mita kuzunguka maji, na maji yenyewe hayana mto wa kutokea. Hewa baridi inayoteremka kwenye kuta hizo nayo haina mlango wa kutokea, kwa hiyo usiku kucha hukusanyika ndani.

Ziwa lina joto, lakini lina unyevu

Msomaji makini atauliza: je, maji hayatunzi joto? Yanatunza. Maji hupoa taratibu mno kuliko udongo, na ziwa lenye kina kinachofikia takribani mita 75 kama Ngozi halibadiliki sana kati ya jioni na alfajiri. Kulala hatua chache kutoka majini kunaweza kuwa na nafuu ya nyuzi joto kuliko kulala kwenye bonde kavu la kina kilekile. Lakini nafuu hiyo ina gharama. Maji yenye joto kuliko hewa iliyo juu yake hutoa mvuke, mvuke ukikutana na hewa baridi hugeuka ukungu, na ukungu hutua kwenye kila kitu kilicho karibu: hema, viatu, kuni za asubuhi. Mwili hustahimili baridi kavu kwa blanketi moja. Baridi yenye unyevu hulishinda blanketi hilo, kwa kuwa kinachotupa joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi za kitambaa, na maji yakiingia hewa hiyo hutoka.

Unyevu mwingine tunauleta wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji ya kama robo hadi nusu lita kwa usiku mmoja. Watu watatu ndani ya hema lililofungwa kila zipu wanapumua zaidi ya nusu lita ya maji, na maji hayo hugandamana kwenye kitambaa cha ndani kilichopoa, kama vile chupa ya soda baridi inavyotoa jasho ikiwekwa mezani. Alfajiri mtu hugusa ukuta wa hema, mkono unalowa, naye hulaumu duka kwamba limemuuzia hema linalovuja. Mara nyingi halivuji. Dawa yake ni kuacha madirisha ya juu wazi kidogo pande mbili, hata kama kuna baridi, ili pumzi ipate kutoka.

Basi mahali pazuri ni wapi? Kileleni kuna upepo. Chini kabisa kuna baridi iliyotuama na ukungu. Katikati, kwenye bega la mlima, juu ya usawa wa maji na chini ya ukingo, kuna ukanda ambao usiku huwa na joto zaidi kuliko sehemu zote mbili, kwa sababu hewa baridi huupita ikielekea chini bila kukaa. Tafuta kijukwaa cha asili kwenye bega hilo, chenye miti ya kukinga upepo lakini si chini ya matawi makavu. Miti ina faida ya pili: majani yake huzuia ardhi isipoteze joto lote angani, ndiyo maana umande huwa mwingi uwanjani na mchache chini ya mti. Kwa Ngozi ushauri huu una uzito zaidi, maana njia ya kushukia majini ni kali na yenye utelezi. Ziwa litazamwe mchana kutoka ukingoni, kisha kambi iwe nyuma ya ukingo, upande usio na upepo.

Gesi isiyoonekana

Safu ya volkano ya Rungwe haijafa. Chini yake bado kuna joto, ndiyo maana serikali imekuwa ikichunguza jotoardhi katika eneo la Ngozi ili kuzalisha umeme. Joto hilo huandamana na hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu. Wilayani Rungwe inatoka kwa wingi kiasi kwamba kampuni ya TOL Gases huivuna na kuiuza kwa viwanda, vikiwemo vya vinywaji. Yapo pia mashimo madogo ambako inatoka yenyewe, na kando yake hukutwa ndege na wadudu waliokufa. Jirani zetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, huyaita mashimo ya aina hiyo mazuku, na wamezika watu kwa ajili yake.

Wengi wamesikia habari za Ziwa Nyos la Kameruni. Tarehe 21 Agosti 1986 hewa ya ukaa iliyokuwa imelundikana chini ya maji ilifumuka usiku, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 vitandani mwao. Ngozi ni tofauti. Vipimo vya wanajiolojia vimeonyesha kwamba maji yake huchanganyika kutoka juu hadi chini, hivyo gesi inayoingia hupata nafasi ya kutoka kidogo kidogo badala ya kulundikana. Hakuna sababu ya kuliogopa ziwa. Kuna sababu ya kuheshimu mashimo. Usitandike kwenye kijishimo cha kujikinga upepo, hasa penye majani yaliyokauka bila sababu au wadudu waliokufa, na mtoto asilale pa chini kuliko wakubwa. Usiku wa shwari ndio wa kuchukua tahadhari zaidi, maana hakuna upepo wa kuitawanya gesi.

Hata hivyo, gesi inayoweza kukuua zaidi kambini haitoki kwenye volkano. Inatoka kwenye jiko la mkaa uliloliingiza hemani upate joto. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na anayelala nao huenda asiamke. Makaa yaliyofunikwa majivu yanaendelea kuitoa, hata yakionekana yamezimika. Jiko libaki nje, kila mara, hata mvua ikinyesha. Ukitaka joto la kwenda nalo kitandani, chemsha maji, jaza chupa ngumu isiyovuja, ivalishe soksi, uweke miguuni.

Chini yako kuliko juu yako

Baridi ya ardhini huwashinda wapiga kambi wengi kuliko ya hewani. Blanketi ulilolilalia limebanwa na uzito wako, hewa imetoka ndani yake, halikukingi tena. Ukiwa na mablanketi matatu, tandika mawili na ujifunike moja, kisha uvae sweta. Godoro la kujaza upepo linapendeza kwa ulaini wake, lakini lisipokuwa na kitu ndani hewa yake huzunguka na kupeleka joto la mwili ardhini. Sponji ya kawaida, au mkeka juu ya tabaka nene la majani makavu yaliyookotwa, hukinga vizuri zaidi. Nguo za kulalia ziwe tofauti na ulizopandia, kwa kuwa hizo za mchana zina jasho hata kama huzihisi.

Mufindi na Matema: tabia ileile, sura nyingine

Kanuni hizi zinasafiri, ila kila mahali zinabadilika kidogo. Mufindi, kando ya mabwawa ya mashamba ya chai, miezi ya Juni na Julai ni ya kiangazi kwa kalenda, lakini upepo wa kusini-mashariki hupanda ukingo mrefu wa milima kutoka bonde la Kilombero, hupoa na kuleta ukungu na manyunyu ya siku nzima. Ukilala karibu na ukingo huo, leta turubai la ziada. Ukielekea Mafinga kwenye misonobari ya Shamba la Miti Sao Hill, hatari inageuka kuwa moto. Majani makavu ya msonobari hufanya zulia ambalo moto hulitambaa chini kwa chini, ukaibuka mbali na ulipouwasha. Septemba na Oktoba, miezi mikavu na mizuri kwa kambi, ndiyo pia ya moto wa misitu. Pikia mahali palipoandaliwa, mwagia maji, koroga majivu, kisha gusa kwa mkono. Kama ni ya moto, hujamaliza.

Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ni kinyume cha Ngozi. Ziwa liko chini na lina joto, milima ya Livingstone imesimama ukutani nyuma ya ufukwe. Hapo hutetemeki, unatafuta upepo. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hushuka kutoka mlimani, kwa hiyo kamba za upande wa mlima zikazwe kabla ya kulala. Hema liwe mbali na midomo ya mito na makorongo, maana mvua ikinyesha milimani maji hufika ufukweni ghafla ilhali kwenu anga ni safi. Midomo ya mito ndiyo pia makazi ya mamba. Chandarua ni lazima, kwa sababu malaria ambayo ni nadra Uporoto ni ya kawaida Kyela.

Ruhusa na saa

Misitu hii mingi ni hifadhi. Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na ni makazi ya kipunji, nyani wa miti aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu. Kitulo iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kambi inahitaji kibali na mwongozaji wa kijiji, naye atakuonyesha mabega ya mlima ambayo ramani haiyataji. Mwombe mfike saa tisa alasiri, si magharibi. Anayefika gizani hupiga hema popote palipo tambarare, na mlimani mahali tambarare pa kwanza kuonekana ni chini bondeni.

Wasimamizi nao wana la kufanya. Vituo vingi vya kambi huchaguliwa kwa kuangalia mandhari ya ziwa na urahisi wa kufika majini. Kuweka vijukwaa vichache vya kudumu begani, vyenye mahali pa moto na mfereji wa kupitishia maji ya mvua, hakuhitaji fedha nyingi. Kungeupunguzia msitu makovu ya mahema yanayohamahama, na mgeni angeshuka ziwani asubuhi, ukungu ukishainuka, akiwa amelala vizuri.