“Is cooking” au “to be cooking”? Tazama kitenzi kilichotangulia

Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Hapo kosa dogo la kitenzi linaweza kumpotezea alama, hata kama jibu analijua. Leo tuangalie kosa moja linalowasumbua wengi.

Kwa Kiswahili tunasema “Mama anapika”. Tukiona moshi jikoni tunasema “Mama anaonekana anapika”. Vitenzi ni viwili, na kila kimoja kimebeba nafsi na wakati: a-na-onekana, a-na-pika. Ndiyo maana mwanafunzi huandika “Mother seems is cooking”. Amefuata Kiswahili chake.

Kiingereza hubebesha wakati kitenzi cha kwanza tu. Kinachofuata hakibebi tena. Kwa hiyo:

“Mother is cooking.” Mama anapika. Kitenzi ni kimoja, kinabeba wakati chenyewe: am, is, are, was au were.

“Mother seems to be cooking.” Wakati umebebwa na “seems”, basi tunatumia “to be”.

“Mother must be cooking.” Bila shaka mama anapika. Baada ya must, may, might na should, “to” inaondoka, inabaki “be”.

Je, kama jambo limepita? “He pretended to be reading”, yaani alijifanya anasoma. “Be” haigeuki kuwa “was”. Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana nasi husema “alijifanya anasoma”, ingawa ilikuwa jana.

Maana nayo hubadilika. “You should study” ni ushauri: inafaa usome. “You should be studying” mara nyingi ni kukumbusha au kukemea: saa hizi ulipaswa uwe unasoma, mbona uko kijiweni? Vilevile “I hope to study in Dodoma” ni kutumaini kusoma Dodoma. “Next year I hope to be studying in Dodoma” ni kutumaini kwamba mwakani utakuwa tayari unaendelea na masomo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize: je, kuna kitenzi kingine mbele kilichokwisha kubeba wakati? Kama hakuna, tumia is, are, was na wenzake. Kama kipo, mfano seem, hope, pretend au must, tumia “to be” au “be”. Kitenzi kikuu kinabaki na -ing pande zote mbili.

Mzazi, mpe mwanao zoezi hili leo jioni: “Watoto wanaonekana wanacheza.” Akijibu “The children seem to be playing”, ameelewa. Akisema “seem are playing”, mrudisheni kwenye moshi wa jikoni.