Delhi hadi Tokyo: Kwenda Si Sawa na Kurudi

Tuchukue mfano wa tiketi mbili za majira ya baridi. Ya kwanza inasema ndege itaondoka Delhi saa 2:00 usiku na kutua Tokyo saa 1:00 asubuhi. Ya pili, itaondoka Tokyo saa 5:00 asubuhi na kufika Delhi saa 11:00 jioni siku hiyohiyo. Ukihesabu kwa vidole, kwenda ni saa 11 na kurudi ni saa 6. Vidole vinadanganya. Japani iko mbele ya India kwa saa tatu na nusu. Zitoe katika safari ya kwenda, ziongeze katika ya kurudi, na mambo yanageuka: kwenda ni saa 7 na nusu, kurudi ni saa 9 na nusu.

Umbali ni uleule, karibu kilomita 5,900 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kwa kuwa dunia ni duara, njia hiyo ikichorwa kwenye ramani bapa hupinda kuelekea kaskazini, ikavuka Himalaya na uwanda wa Tibet. Ndege za abiria kwa kawaida huikwepa. Tatizo si kilele cha Everest chenye mita 8,849, maana zenyewe huruka mita 10,000 na zaidi. Tatizo ni dharura. Hewa ikivuja, rubani hana budi kushuka upesi hadi mita 3,000 hivi, ambako abiria watapumua bila barakoa, kwa sababu oksijeni ya barakoa hizo mara nyingi hudumu kama robo saa. Huko Tibet, sehemu kubwa ya ardhi yenyewe imepita mita 4,000. Basi ndege huzungukia kusini, juu ya Myanmar na kusini mwa China.

Mzunguko huo unaongeza muda wa kwenda na wa kurudi vilevile. Tofauti ya saa mbili inaletwa na upepo. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa hali ya hewa Wasaburo Oishi alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha Tateno, karibu na Tokyo, na kuyafuatilia kwa darubini. Aligundua kwamba huko juu, wakati wa baridi, upepo huvuma kutoka magharibi kwa kasi kubwa ajabu. Mwaka 1926 alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto ili ulimwengu uyasome. Wachache sana waliyasoma. Mwishoni mwa 1944 marubani wa Marekani walioruka juu ya Japani walikumbana na mkondo huohuo, nao ukawavurugia shabaha.

Kipande cha Shanghai hadi Tokyo, kama kilomita 1,800, kinaonyesha nguvu yake. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa, ikisukumwa na upepo wa tezi wa 150, itatumia saa 1 na dakika 43. Ikirudi dhidi ya upepo wa omo wa nguvu ileile, itatumia saa 2 na dakika 24. Jumla ni saa 4 na dakika 7, ilhali bila upepo ingekuwa saa 4 kamili. Faida ya kwenda hailipi hasara ya kurudi, kwa kuwa ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga.

Kiangazi mkondo huo husogea kaskazini na kupungua nguvu, na pengo kati ya kwenda na kurudi hupungua nao. Anayetaka kurudi Delhi mapema, Julai humfaa kuliko Januari.