BARABARA ZA NDANI ZITENGENEZWE KABLA YA MASIKA

Mvua za masika hunyesha Zanzibar kuanzia mwezi wa Machi hadi Mei. Kwa wastani, kisiwa cha Pemba hupata kiasi cha milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na Unguja kiasi cha milimita 1,600. Na sehemu kubwa ya mvua hiyo huteremka katika miezi hii mitatu. Barabara kuu zinazounganisha miji zina lami. Lakini njia nyingi zinazoingia vijijini, mashambani na madikoni ni za udongo au za kifusi, na hizo ndizo zinazohitaji kuangaliwa mapema.

Maelezo haya yanakusudiwa kuwafahamisha watumishi wa Serikali, masheha na wananchi sababu zinazoharibu njia hizo, kazi zinazopaswa kufanywa, wakati wake na utaratibu wake. Yametolewa mifano ya Pemba, kwa kuwa vilima na mabonde ya kisiwa hicho huonyesha tatizo hili kwa uwazi zaidi. Hata hivyo, kanuni zenyewe ni hizo hizo kwa Unguja.

Njia ya ndani inapokatika, hasara yake haiishii kwenye gari lililokwama. Mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani hulazimika kubebwa kwa machela hadi kwenye lami. Karafuu, samaki na ndizi huchelewa sokoni, au huuzwa kwa bei ya chini kwa mchuuzi aliyethubutu kufika. Mwalimu hachelewi skuli kwa uvivu, bali kwa tope. Kwa hivyo, utunzaji wa njia hizi ni jambo la uhai na riziki.

ADUI WA BARABARA NI MAJI

Wengi hudhani kwamba barabara ya udongo huharibiwa na magari. Kwa kweli, magari humalizia kazi iliyoanzwa na maji. Udongo mkavu ulioshindiliwa vyema hubeba mzigo mkubwa. Udongo ule ule ukilowa hulainika, na gurudumu la kwanza huuchimba.

Kiasi cha maji yenyewe si kidogo. Kipande cha njia chenye urefu wa kilomita 1 na upana wa mita 5 kina eneo la mita za mraba 5,000. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa siku moja, maji yanayoangukia juu ya kipande hicho peke yake ni lita 250,000, sawa na mapipa 1,250 ya lita 200. Hapo hayajahesabiwa maji yanayoteremka kutoka mashambani na kwenye mapaa ya nyumba. Maji hayo yatatoka kwa njia moja au nyingine. Yasipoelekezwa pembeni, yatapita katikati ya barabara na kuondoka na kifusi.

Ni kosa, basi, kutumia fedha au nguvu kwa kumwaga kifusi kabla ya kuzibua mitaro. Kifusi kinachomwagwa juu ya njia isiyotoa maji huonekana kizuri mwezi wa Februari, na mwezi wa Mei hukutwa bondeni.

WAKATI WA KAZI

Wapo wanaongojea hadi mwisho wa Februari ndipo waanze. Kwa baadhi ya kazi, wakati huo umechelewa. Udongo mkavu kabisa haushikani hata ukipigwa shindilio kwa nguvu. Huhitaji unyevu wa kiasi. Kazi ya kutengeneza mgongo wa barabara na kuziba mashimo hufaa zaidi mara baada ya mvua za vuli, ambazo hunyesha kati ya Oktoba na Disemba, wakati ardhi ingali na unyevu. Ikifanywa baadaye, maji ya kunyunyizia hayana budi kuchotwa.

Kazi ya kuchimba na kuzibua mitaro inaweza kuendelea wakati wote wa kaskazi, yaani Januari na Februari, ambapo jua ni kali na ardhi ni kavu. Inapofika wiki ya kwanza ya Machi, kazi iliyobaki iwe ni ukaguzi tu.

MPANGO WA KAZI

Kazi hizi zifanywe kwa kufuata mpango ufuatao, na isirukwe hatua hata moja.

(a) Kufungua matokeo ya maji. Kazi huanzia chini, pale maji yanapotokea, na kupanda juu. Anayeanza kuchimba mtaro kutoka juu huyaongoza maji mahali yasipo na pa kutokea, na mvua ya ghafla ikimkuta kazini itabomoa alichokijenga.

(b) Kusafisha makalvati. Taka, mchanga na mizizi viondolewe ndani ya bomba na kwenye midomo yake yote miwili. Kalvati lililoziba nusu si kalvati zima lenye kasoro ndogo: hukusanya takataka kwa haraka na huziba lote katika mvua ya kwanza, kisha maji hupanda juu ya barabara na kuikata.

(c) Kuzibua mitaro ya pembeni. Udongo laini unaotolewa mtaroni usitupwe katikati ya barabara, kwani hugeuka tope. Wala usiachwe ukingoni kama tuta, kwani tuta hilo huzuia maji ya barabarani yasifike mtaroni. Upelekwe mbali, upande wa pili wa mtaro, au utumike shambani.

(d) Kurudisha mgongo. Katikati ya barabara pawe juu kuliko kingo zake. Kwa njia yenye upana wa mita 5, inafaa katikati pazidi kingo kwa sentimita 12 hadi 15. Kipimo chake ni rahisi: kamba ivutwe sawasawa kwa pima maji kutoka katikati hadi juu ya ukingo, kisha upimwe urefu kutoka kwenye kamba hadi chini.

(e) Kuziba mashimo. Maji na tope vitolewe kwanza. Kingo za shimo zikatwe zisimame wima, ndani panyunyiziwe maji kidogo, halafu kifusi kitiwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka ikishindiliwa. Tabaka la mwisho lizidi uso wa barabara kwa kiasi cha sentimita 3, ili magari yalishindilie zaidi. Makumbi, migomba, majani na taka za nyumbani visitumike, kwani huoza na kuacha shimo kubwa kuliko la mwanzo. Mchanga wa pwani nao haufai: haushikani, na kuuchota huharibu fukwe.

(f) Kukata majani na matawi. Majani ya ukingoni yafyekwe na yasing'olewe, kwa kuwa mizizi yake ndiyo inayoushika udongo. Matawi yanayofunika barabara yapunguzwe, ili jua na upepo viikaushe njia baada ya mvua.

VILIMA, MABONDE NA MAWENI

Si kila pahala panahitaji dawa moja. Kwenye vilima vya upande wa magharibi wa Pemba, ambako udongo mwingi ni mwekundu na mzito, tatizo kubwa ni kasi ya maji. Pale ambapo njia hupanda mita 4 au zaidi katika kila mita 100, mtaro mtupu hugeuka korongo. Hapo huwekwa vizingiti vidogo vya mawe au vya vigingi ndani ya mtaro, ili maji yapunguze mwendo na yaache mchanga wake. Kadiri mwinuko unavyokuwa mkali ndivyo vizingiti vinavyokaribiana. Kwenye mwinuko wa mita 10 kwa 100, huwekwa takriban kila mita 5. Katikati ya kizingiti pawe chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatakizunguka na kula ukingo wa barabara.

Kwenye mabonde ya mpunga, tatizo ni maji yaliyosimama. Tuta la barabara likikatiza bonde bila ya kalvati la kutosha huwa bwawa: upande mmoja mpunga huzama, upande wa pili hukosa maji, na tuta lenyewe hulainika kutoka chini. Katika sehemu hizo, kuinua barabara bila ya kuyapa maji njia ni kuongeza tatizo.

Kwenye maweni ya upande wa mashariki, maji hunywewa upesi na ardhi, lakini udongo ni haba. Unapochukuliwa, mawe hubaki yamechomoza na kuvunja vyombo. Kazi ya huko ni kuyapasua mawe yaliyojitokeza na kuyafunika kwa kifusi chembamba kilichoshindiliwa.

MAJI NA SHAMBA LA JIRANI

Malalamiko mengi juu ya barabara za ndani hutokana na suali moja: maji yatolewe kwa nani? Mwenye shamba aliyeziba mtaro kwa usiku mmoja mara nyingi hakufanya hivyo kwa ubaya, bali kwa kuona mihogo yake ikisombwa. Kumlaumu hakutoi maji barabarani.

Ufumbuzi ni kugawa maji. Badala ya kuyakusanya yote na kuyamwaga pahala pamoja, ichimbwe mitaro midogo mingi ya kutolea maji, kila mmoja ukitoa kidogo, na kuishia penye majani au mawe yatakayoyatawanya. Mtaro usielekezwe kwenye nyumba, kisima, kaburi wala kitalu. Kabla ya kuchimbwa, mwenye eneo aitwe mbele ya sheha, aonyeshwe mstari, na makubaliano yaandikwe. Kwa upande wao, wakulima wanatakiwa wasilime hadi ukingoni mwa barabara na wasijaze mtaro kwa ajili ya kupitishia gari la ng'ombe. Anayehitaji kivuko aweke bomba au magogo yanayoacha nafasi ya maji.

UGAWAJI WA KAZI

Barabara hutunzika pale kila kipande kinapokuwa na mwenyewe. Nchini Kenya, mpango wa barabara za vijijini ulioanzishwa mwaka 1974 uliwapa wakaazi walioishi kando ya njia kazi ya kuitunza kwa ujira, kila mmoja akikabidhiwa kipande cha kilomita 1.5 hadi 2 na zana za mkono. Funzo lake ni kwamba jembe, pauro na toroli vikitumika kila wiki huokoa kazi ambayo baadaye ingehitaji greda.

Utaratibu wa namna hiyo unawezekana katika kila shehia. Kazi za jembe, yaani mitaro, majani na mashimo madogo, ziko ndani ya uwezo wa wananchi wakiongozwa na sheha. Kalvati lililovunjika, tuta lililokatika na daraja lililotitia ni kazi za mafundi. Masheha waziandike na kuzifikisha wilayani mapema, wakitaja pahala na ukubwa wa uharibifu, wala wasingoje njia ifungike.

Masika yakishaanza, gari nzito zizuiwe kupita njia za udongo wakati mvua inanyesha, na zingoje hadi ardhi ikauke. Lori moja katika saa moja ya tope laweza kuharibu kazi ya kijiji kizima ya miezi miwili. Wakati huo huo, kila mwenye kipande chake atoke na jembe wakati mvua ingali ikinyesha, kwani hapo ndipo maji yenyewe humwonyesha pahala alipokosea, na mtaro ulioziba huzibuliwa kwa dakika chache kabla haujaikata njia.