Barakoa: Baina ya Adabu na Vumbi

Ilipofika mwaka 2020, na maradhi ya korona yakaenea duniani, watu wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, nao walijua kufunika pua na midomo kwa kitambaa ambacho katika Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, huitwa cache-nez, na ambacho Kiswahili kimekipa jina kongwe la barakoa, lililokuwa hapo kale ni la kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Oman na Unguja kwa ajili ya staha. Kisha maradhi yalipotulia, wengi wetu tukazivua tukazisahau. Lakini Wajapani hawakuanza kuvaa barakoa mwaka huo wa 2020, wala hawakukoma wote pale serikali yao, mnamo Machi 2023, ilipomwachia kila mtu hiari yake. Na mwenye kuwatazama kwa mbali hudhani kuwa ni watu wa hofu ya daima, ilhali wanachokifuata ni ada iliyojengwa tabaka juu ya tabaka kwa muda uliozidi miaka mia.

Tabaka ya kwanza itamwajabisha mchimbaji wa madini ya koltani wa Rubaya, huko Masisi, kwani katika zama za Meiji, baina ya 1868 na 1912, barakoa ya Japani haikuwa ya mgonjwa wala ya tabibu, bali ilikuwa ya mfanyakazi wa machimbo na viwanda, aliyejikinga nayo na vumbi. Ya pili ililetwa na homa kuu ya mafua ya 1918 hadi 1920, ambapo wakuu wa afya waliwahimiza raia wote wajifunike. Ya tatu ilitoka msituni: baada ya Vita Vikuu vya Pili, milima ilipandwa miti ya sugi kwa wingi, na miti hiyo ilipokomaa ikaanza kumwaga chavua kila Februari hadi Aprili, hata katika uchunguzi wa 2019 takriban watu 4 katika kila 10 wakaonekana kusumbuliwa nayo kwa chafya na macho kuwasha. Juu ya hayo yote ikakaa adabu, kwamba mwenye mafua apandapo gari la moshi lililojaa watu hujifunika asije akamwambukiza aliye karibu naye. Na wako pia wanaovaa kwa haya tu, au kwa kuwa hawakupata wasaa wa kujipamba.

Walakini si kila kizuizi humzuia kila adui. Ukiigawa milimita moja katika sehemu elfu, punje ya chavua ya sugi ina upana wa sehemu 30 hivi, nayo hunaswa na kitambaa bila taabu. Matone yatokayo kinywani mwa mwenye kukohoa nayo mengi hunaswa yakiwa bado makubwa. Ama unga wa mwamba wenye silika, ule unaofika ndani kabisa ya mapafu, haufikii hata sehemu 5, hivyo hupenya katika leso kama moshi upenyavyo katika makuti, na ukiisha kutua huko huyakakamaza mapafu kwa maradhi yaitwayo silikosisi, yasiyo na dawa ya kuyaponya. Kwa hiyo mchimbaji wa Rubaya au wa mashimo ya kasiteriti ya Walikale, ajifungaye shati puani, amejikinga na harufu na changarawe kuliko alivyojikinga na mauti. Limfaalo ni kuulowesha mwamba kwa maji kabla ya kuuvunja, hewa safi ipitishwe shimoni, na avae barakoa ya kazi yenye kichujio, iliyoshika barabara pande zote za uso.

Mtu aweza kusema kwamba adabu ya Wajapani haina la kutufunza hapa, maana silikosisi haiambukizi, na mwenye vumbi kifuani hamdhuru jirani. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi kuliko mapafu mazima, na kifua kikuu huambukiza. Basi vumbi aliloliacha mchimbaji shimoni hurudi naye nyumbani kwa njia ya kikohozi, likamfikia mke na watoto wasiowahi kushika sururu, na kinga aliyonyimwa baba kazini ikawa ndiyo kinga waliyonyimwa wanawe.