Wasichana wa Rwanda katika Kombe la Dunia la Kriketi

Mnamo tarehe 17 Januari 2023, nchini Afrika Kusini, timu ya taifa ya wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 iliishinda timu ya Zimbabwe. Mashindano hayo yalikuwa Kombe la Dunia la kwanza kuandaliwa kwa wasichana wa rika hilo, na timu hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuiwakilisha Rwanda katika Kombe lolote la Dunia la kriketi, kwa wanaume au kwa wanawake. Kwa msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu, jambo hili linahitaji maelezo ya namna mbili: kriketi ni mchezo gani, na imefikaje katika nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji, ambako Mwingereza hakuacha shule wala uwanja?

Tuanze na mchezo wenyewe. Katikati ya uwanja mpana wa majani pana njia nyembamba, na katika kila mwisho wa njia hiyo husimamishwa vijiti vitatu. Mchezaji mwenye gongo husimama mbele ya vijiti ili kuvikinga; mpinzani wake hurusha mpira mgumu kutoka upande wa pili, mkono ukiwa umenyooka, kwa maana sheria haimruhusu kuunyoosha kiwiko wakati wa kurusha. Mpira ukipigwa mbali, mpigaji na mwenzake hubadilishana pande kwa kukimbia, na kila mara wanapofika salama hupata alama moja. Waandishi wa michezo wa Tanzania huziita alama hizo mikimbio, nalo ni jina zuri, ingawa mpira unaovuka mpaka wa uwanja huleta mikimbio minne au sita bila mtu kukimbia. Mpigaji hutolewa vijiti vyake vikiangushwa na mpira, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa ardhi, na kwa njia nyingine kadhaa. Wakitolewa kumi kati ya kumi na mmoja, zamu ya timu imekwisha.

Neno wiketi huwatatiza wanaoanza, na si ajabu, kwani lina maana tatu: vile vijiti, ile njia iliyo kati yake, na tena tendo la kumtoa mpigaji. Kiswahili kimelipokea pamoja na utata wake wote. Katika makala haya litatumika kwa maana ya mwisho tu. Ova, kwa upande wake, ni mkupuo wa mipira sita inayorushwa na mtu mmoja. Mchezo wa wasichana hao ni ule mfupi: kila timu ina ova 20, yaani mipira 120, na hakuna mrushaji anayeruhusiwa kupita ova nne.

Sasa hesabu za siku ile zinaweza kusomeka. Rwanda ilipata mikimbio 119 na kupoteza wiketi 8, karibu mkimbio mmoja kwa kila mpira, kiasi ambacho si kikubwa. Zimbabwe walifika 80 wakiwa wamepoteza wiketi 6. Hapo Henriette Ishimwe akashika mpira, akatoa wapigaji wanne kwa mipira minne mfululizo, na Zimbabwe wakamalizika kwenye 80 ile ile. Kutoa watatu kwa mipira mitatu huhesabiwa kuwa tukio la kukumbukwa katika maisha ya mrushaji. Wanne ni nadra sana, na hasa katika Kombe la Dunia.

Siku tano baadaye, katika duru ya pili ya mashindano, timu ya Visiwa vya Karibi iliyochezea jina la West Indies, ambalo kwa wapenzi wa kriketi lina uzito kama ule wa Brazili katika kandanda, ilitolewa yote kwa mikimbio 70. Rwanda ikazifikia na kuzipita, ikiwa imepoteza wiketi 6, huku nahodha Gisele Ishimwe akibaki na gongo lake hadi mwisho. Msomaji asidhani kwamba Ishimwe ni jina la ukoo. Katika desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na jina hilo, lenye maana ya shukrani au sifa, ni la wengi. Kufanana kwake hakutoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Haifai kuuficha upande wa pili. Wasichana hao walishindwa na Pakistani, na Uingereza ikawashinda kwa tofauti kubwa mno, kisha New Zealand vilevile. Tofauti hiyo ina sababu. Upigaji huhitaji miaka mingi ya kukabili warushaji hodari kwenye njia iliyotengenezwa vyema, na vitu hivyo ni haba katika nchi changa ya kriketi. Urushaji na udakaji, kinyume chake, hujengeka kwa nidhamu na mazoezi ya kila siku hata pale vifaa vinapopungua. Ushindi wote miwili ya Rwanda ilitokana na mkono wa mrushaji zaidi ya gongo la mpigaji. Wanaoiita bahati hawajazisoma hesabu.

Kuhusu asili ya mchezo huu nchini Rwanda, hapana budi kurudi kwenye historia ya uhamisho. Familia zilizokimbia nchi tangu mwaka 1959 ziliishi Burundi, Zaire, Tanzania na Uganda, nazo zilirejea baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kila moja na ilichojifunza ugenini. Waliotoka Zaire walirudi na Kifaransa na Kiswahili cha Kivu. Waliosoma katika shule za Uganda na Kenya walirudi na Kiingereza, na baadhi yao na gongo la kriketi. Chama cha kriketi kiliundwa mwaka 1999. Kiingereza kilipofanywa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na nchi ilipoingia katika Jumuiya ya Madola mwaka 2009, mchezo huo ulikwisha kupata wachezaji wa nyumbani.

Uwanja wao wa kwanza ulikuwa Kicukiro, mjini Kigali, katika eneo la shule ya ufundi iliyojulikana kwa kifupi cha ETO. Hapo ndipo watu takribani 2,000 walipokimbilia ulinzi wa askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Askari hao waliondoka tarehe 11 Aprili 1994, na wengi wa walioachwa waliuawa siku hiyo hiyo. Juu ya ardhi hiyo vijana walijifunza kurusha na kudaka. Tangu mwaka 2014 mashindano ya wanawake hufanyika Kigali kwa jina la Kwibuka, yaani kukumbuka, nazo Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikishiriki.

Mwaka 2016 nahodha wa timu ya wanaume, Eric Dusingizimana, alipiga mipira ndani ya wavu kwa muda wa saa 51 ili kuchangisha fedha za uwanja mpya. Uwanja huo ulifunguliwa Gahanga mwaka 2017, na mapaa yake ya matao, yaliyojengwa kwa vigae vya udongo, yanaigiza njia ya mpira unaodunda. Wasichana walioifunga Tanzania katika fainali ya mchujo wa Afrika mwaka 2022, na hivyo kuipata nafasi pekee iliyoshindaniwa, ni kizazi cha uwanja huo. Kanuni ya umri ilitaka wawe wamezaliwa mwaka 2003 au baadaye. Hakuna hata mmoja wao aliyeyaona ya 1994.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoifanya timu ya vijana kuwa kitu cha kupita. Kundi lililofanya kazi kubwa halirudi. Walio bora hupanda timu ya wakubwa, na chama hulazimika kuanza upya na wasichana wa miaka 14 na 15. Kombe la pili lilipochezwa nchini Malaysia, Januari 2025, nafasi ya mchujo wa Afrika ilikuwa imechukuliwa na Nigeria, nayo ikaishinda New Zealand kwa mikimbio 2 katika mchezo uliofupishwa na mvua. Rwanda haikuwamo.