Risasi, ndoana na trauti wa kilindini

Kuvua katika maziwa ya nyika ya kaskazini mwa Marekani kunahitaji chambo chenye uzito unaofaa, subira, na hadhari kwa viumbe wengine wanaoyategemea maji hayo.

Hifadhi ya Boundary Waters, kaskazini mashariki mwa jimbo la Minnesota, mpakani na Canada, ina maziwa zaidi ya 1,000. Katika sehemu kubwa ya hifadhi hiyo boti za injini haziruhusiwi. Mvuvi husafiri kwa mtumbwi wa makasia, na huubeba begani kutoka ziwa moja hadi jingine.

Minnesota ni makao ya maelfu ya watu wenye asili ya Afrika Mashariki, wakiwemo wazungumzaji wa Kiswahili. Kwa aliyekulia pwani akivua kwa mshipi, mbinu inayotumika huko si ngeni kabisa.

Samaki wa maji baridi

Anayetafutwa zaidi vilindini ni trauti wa ziwani. Samaki huyu hupendelea maji yenye joto la nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Barafu inapoyeyuka, mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Mei, huweza kupatikana karibu na uso wa maji. Jua la Julai likishapasha tabaka la juu, hushuka mita 15 hadi 20, pengine zaidi.

Chambo cha kumfuata huko ni ndoana iliyosubiwa pamoja na chubwi kichwani, kisha ikavikwa manyoya au mpira laini mfano wa samaki mdogo. Uzito wa gramu 10 hadi 28 hutosha mara nyingi. Kanuni ni kuchagua chepesi kuliko vyote, mradi kifike chini na mvuvi ahisi kimegusa. Upepo ukiusukuma mtumbwi, mshipi hulala mshazari, na hapo uzito huongezwa.

Kuhusu rangi, nyekundu hutangulia kufifia kadiri kina kinavyozidi. Nyeupe na ya fedha, zinazofanana na samaki wadogo wanaoliwa na trauti, huaminiwa zaidi.

Kuinua na kushusha

Mvuvi asiye na chombo cha kupimia kina huweza kuutia mshipi alama kila pima moja. Chambo kikigusa chini, huinuliwa kwa ghafla kiasi cha nusu mita, kisha huachwa kishuke huku mshipi ukilegea kidogo tu. Samaki wengi huuma wakati chambo kinaposhuka, na mshipi uliolegea mno huficha dalili hiyo.

Baada ya mara kadhaa, chambo huvutwa juu mita chache kwa kasi. Trauti huwa na tabia ya kukifukuza. Akionekana nyuma yake, kosa ni kusimamisha mkono, kwani windo linalotoroka halisimami.

Hatari ya risasi

Chubwi nyingi bado hutengenezwa kwa risasi, madini yenye sumu. Ndege aitwaye loon, ambaye ni nembo ya Minnesota, humeza vijiwe ili kusaga chakula, na pia hula samaki waliokatika na ndoana. Kipande kimoja cha risasi kinatosha kumuua. Uingereza ilipiga marufuku chubwi nyingi za risasi mwaka 1987, baada ya vifo vya batamaji. Badala yake zipo za tangsteni, bati au chuma. Tangsteni ni nzito kuliko risasi, hivyo chambo chake huwa kidogo na huzama upesi, ingawa bei yake ni ya juu.

Trauti wa ziwani hukua polepole, na ziwa likimalizwa huchukua miaka mingi kurejea. Kwa hiyo leseni na idadi inayoruhusiwa huzingatiwa, na ndoana isiyo na kigumba humrahisishia mvuvi kumwachia samaki akiwa hai.

Hadhari ya mwisho ni ya mvuvi mwenyewe. Mwezi wa Mei maji hayo huwa yangali baridi kama barafu, na hata mwogeleaji hodari hulegea viungo kwa dakika chache. Jaketi la kuokoa maisha huvaliwa mwilini. Lililowekwa chini ya kiti halimfai aliyekwisha kupinduka.