Party ya Krisi kwa The Office: Vile iPod ya Mdosi Ilichoma Kila Kitu

Kila Desemba ikifika kuna episodi moja ya The Office ambayo wasee huirudia, wengine bado wako nayo kwa flash ya kitambo. Inaitwa "Christmas Party", ni ya kumi kwa msimu wa pili, na ilionyeshwa NBC kule Marekani tarehe 6 Desemba 2005. Mwandishi ni Michael Schur. Ni dakika ishirini na kitu tu, lakini imebeba siri zote za party ya kazini: nani ako na doo, nani anajifanya, na nani ameoza juu ya nani.

Kama hujaicheki, stori iko hivi. Dunder Mifflin ni kampuni ya kuuza karatasi, mji ni Scranton, Pennsylvania. Mdosi ni Michael Scott, anaigizwa na Steve Carell. Ofisi imecheza Secret Santa: unachomoa jina la mwenzako, unamnunulia zawadi, hasemi mtu. Sheria ni moja. Zawadi isipite dola 20, kwa bei ya dola ya siku hizi kitu kama 2,500 za Kenya.

Michael anaenda kununua iPod ya dola 400. Hiyo leo ni kama thao hamsini. Na hakumnunulia mfanyakazi wa miaka mingi, alimnunulia Ryan, kijana wa kibarua ambaye hata hajapata kazi ya kudumu. Ryan mwenyewe anaangalia chini kwa aibu, kwa sababu kila mtu sasa anajua mdosi anampenda.

Halafu Michael anafungua yake. Phyllis amemfumia glavu ya jikoni kwa mkono, ile ya kushikia sufuria moto. Jamaa ananuna kama mtoto amenyimwa soda. Hapo hapo anabadilisha mchezo katikati: sasa ni Yankee Swap, yaani zamu yako ikifika unaweza kufungua zawadi mpya ama unyang'anye mwenzako yake.

Cheki vile hiyo sheria moja inaua kila kitu. Kwa Secret Santa, zawadi ni yako. Mtu alikaa chini akakufikiria. Kwa Yankee Swap, zawadi ni bidhaa. Ina bei tu. Glavu ya Phyllis inakuwa takataka, na ofisi nzima inapigania iPod. Phyllis amekaa pale akiona usiku zake za kufuma zikitupwa mezani. Kwangu hiyo ndiyo sini chungu zaidi, kuliko hata ile ya mapenzi.

Na ya mapenzi ipo. Jim amemzimikia Pam wa mapokezi, ambaye ako na mchumba anaitwa Roy. Jim alichomoa jina la Pam, akamnunulia birika la chai. Ndani akaweka vitu vidogo vidogo ambavyo ni wao wawili tu wanajua maana yake, na kadi ameandika vile anajiskia. Yankee Swap inaanza, birika linaishia kwa Dwight, ambaye mpango wake ni kulitumia kuosha pua. Pam ako na iPod. Roy anamwambia alikuwa amepanga kumnunulia hiyo hiyo iPod. Mwishowe Pam anampa Dwight kitu cha dola 400 ili apate birika. Kabla hajaangalia vizuri ndani, Jim anaichomoa ile kadi na kuiweka mfukoni. Ameogopa.

Sasa peleka hiyo party Hewani, kule Garsen, kaunti ya Tana River. Ama seti yake iwe ofisi ndogo hapo Garsen mjini, na nusu ya wafanyakazi wametoka vijiji vya delta. Ofisi kama hiyo ina Mpokomo wa kanisa, ina Mpokomo Mwislamu, ina Morma, ina mtu wa bara aliyehamishiwa juzi. Michael aliokoa party yake kwa kukimbia dukani na kurudi na chupa 15 za vodka. Garsen hiyo imekataa. Nusu ya meza haigusi, na mdosi anabaki na chupa zake. Angebidika kufikiria wali, samaki na chai ya maziwa, yaani angebidika kujua watu wake.

Halafu kuna hiyo 2,500. Kwa mtu mwenye mshahara wa Nairobi hiyo ni lunch za wiki. Kwa kibarua ambaye nyumbani wanategemea shamba la mpunga kando ya mto, si mchezo. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilifurisha Tana mpaka barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa pale Gamba. Desemba kama hiyo, mdosi akisema "kila mtu alete zawadi", kuna mtu pale anahesabu unga. Ndiyo maana kikomo cha bei kipo: kimewekwa ili mwenye kidogo asionekane. Michael hakuvunja sheria kwa ukarimu. Alitaka kupendwa, na bili ya hiyo kiu ikalipwa na Phyllis.

Wakenya tunaijua hii ya kazi na heshima kuchanganyika. Papa Shirandula ya Citizen ilikaa juu miaka mingi kwa kichekesho kimoja: jamaa ni soja wa getini lakini mke wake Wilbroda hajui. Charles Bukeko, aliyeaga Julai 2020, alikuwa anabeba hiyo siri kwa uso tu, bila kusema neno.

Waingereza, wenye The Office ya kwanza, walicheza karata hiyo tofauti. Kwa kipindi chao spesheli cha Krismasi, Desemba 2003, Tim anampa Dawn rangi za kuchora, na ujumbe wa kumtia moyo asiache sanaa. Dawn anaifungua akiwa kwa teksi na mchumba wake. Anarudi party na kumbusu Tim. Kwao zawadi ilifika siku hiyo hiyo.

Jim alichukua muda. Wakaja kuoana, wakapata watoto, na ile kadi ya birika akampa Pam mwaka wa 2013, show ikiwa karibu kuisha. Pam anaisoma, machozi yanashuka. Sisi watazamaji hatukuonyeshwa imeandikwa nini.